Pua Juu, Mwaka Upi? Mvutano wa Kujenga Gari la Dragi la Zama za 1960

Ukitazama picha za maonyesho ya magari ya kale ya Marekani, hukosi kuliona: gari la miaka ya 1950 lililoinuliwa pua, matairi membamba mbele na mapana nyuma, boneti limetobolewa kupisha mabomba ya hewa, na jina la utani limepakwa kwa mkono ubavuni. Kibao kilichosimamishwa mbele yake kinasema ni gari la dragi la mwaka 1964. Boneti likifunguliwa, ndani kuna injini ya General Motors ya familia ya LS, iliyoingia sokoni mwaka 1997. Rimu ni za mtindo wa miaka ya 1970. Matairi ya nyuma ni radiali za kisasa zenye mpira unaonata. Kilichobaki cha 1964 ni rangi na kibao.

Lawama si za wajenzi peke yao. Sinema nayo imechanganya watu. Chevrolet nyeusi ya 1955 anayoiendesha Harrison Ford katika American Graffiti (1973) imekuwa kwa wengi kielelezo cha gari kali la mtaani la mwaka 1962, kwa kuwa hadithi ya filamu inatokea mwaka huo. Gari lenyewe lilijengwa kwa ajili ya filamu nyingine, Two-Lane Blacktop ya 1971, na injini yake ilikuwa Chevrolet ya inchi za ujazo 454, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1970. Anayeliiga ili aipate 1962 anaambulia 1970, tena bila kujua.

Mkanganyiko huu una gharama. Wanunuzi hulipia historia ambayo haipo, na bodi nzima zilizonusurika miongo sita hukatwa kufuata mtindo ambao mkataji haujui vizuri. Wajenzi nao wamegawanyika. Wako wanaodai kwamba uaminifu uko katika vyuma, wako wanaosema uko katika sura, na wako wanaousema kuwa ni roho tu ya wale vijana wa zamani. Kila upande una hoja yenye uzito, ndiyo maana ugomvi hauishi. Hata hivyo, karibu wote wanaliruka swali lililopaswa kutangulia: gari lile lilikuwa vile kwa sababu gani?

## Daraja la petroli

Mbio za dragi zinaelezeka kwa maneno machache. Magari mawili husimama sambamba, huondoka kwa ishara moja, na anayewahi kumaliza robo maili, yaani mita 402, ndiye mshindi. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa California walikuwa wakishindana barabarani na kwenye maziwa makavu ya jangwani. Mwaka 1950 yakaanza mashindano rasmi ya kulipia kiingilio katika uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka uliofuata Wally Parks, mhariri wa gazeti la Hot Rod, akaanzisha chama cha NHRA ili mchezo uwe na kanuni na usalama, na mwaka 1955 chama hicho kikaandaa mashindano yake ya kwanza ya kitaifa huko Great Bend, Kansas.

Kanuni hizo ndizo zilizozaa gari tunalolizungumzia. Kati ya madaraja ya NHRA yalikuwapo yaliyoitwa Gas, na magari yake yakaja kuitwa magasa. Gasa lilipaswa kutumia petroli ya kawaida, ile ya kituoni, wakati madaraja mengine yaliruhusiwa methanoli na nitromethani. Lilipaswa pia kubaki na umbo la gari la barabarani, lenye bodi, taa na viti. Daraja dogo ndani yake lilipatikana kwa kugawanya uzito wa gari kwa ujazo wa injini. Gari la pauni 3,200 lenye injini ya inchi za ujazo 283, kwa mfano, lina zaidi kidogo ya pauni 11 kwa kila inchi, na lilipambana na wenzake wa uwiano huohuo.

Kanuni ya namna hiyo humsukuma fundi upande mmoja: atafute bodi nyepesi na ya bei ya chini, kisha aitilie injini kubwa. Ndiyo sababu Willys za miaka ya 1933 hadi 1941 zikawa lulu. Willys ni kampuni ileile iliyotengeneza Jeep za vita, lakini vigari vyake vya kiraia havikuwa na soko, vilikuwa vyepesi, na viliuzwa kwa bei ya kutupa. Ndiyo sababu pia vigari vya Kiingereza kama Ford Anglia na Austin vilijikuta Marekani vikibebeshwa injini zilizokuwa kubwa kuliko vyenyewe. Chevrolet ya 1955 iliingia kwa mlango mwingine. Kampuni iliuza takriban milioni 1.7 mwaka ule, na toleo hilo ndilo lililokuja na injini mpya ya V8 iliyokuwa nyepesi, ndogo, na rahisi kuiongezea nguvu. Miaka 6 au 7 baadaye zilijaa kwa wauzaji wa magari yaliyotumika.

Hata supachaja, kile kifaa kirefu kinachochomoza juu ya injini na ambacho leo hutazamwa kama pambo, kilitoka kwa wachinja magari. Ile iliyopendwa zaidi, 6-71 ya GMC, ilikuwa sehemu ya injini ya dizeli ya silinda 6, kila silinda ikiwa na inchi za ujazo 71. Dizeli hizo za mapigo mawili haziwezi kupumua bila kupuliziwa hewa, na baada ya vita zilikuwa zimezagaa kwenye mabasi na malori. Fundi alikichomoa kipulizi hicho, akakifunga juu ya injini ya petroli, na nguvu zikaongezeka kwa gharama ndogo.

Katikati ya miaka ya 1960 magasa yenye supachaja yalikuwa yakimaliza robo maili chini ya sekunde 10. Timu ya Stone, Woods & Cook, iliyowaunganisha wamiliki Weusi na dereva mzungu Doug Cook, ilipambana kwa Willys yake ya 1941 na ya "Big John" Mazmanian, huku watengenezaji wa kamshafti wakirushiana maneno katika matangazo ya magazeti kuhusu nani aliyemshinda nani. Mashabiki waliyanunua magazeti hayo kwa ajili ya kejeli hizo kama walivyoyanunua kwa habari.

## Kwa nini pua ilipanda

Hapa ndipo kiini kilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Wanadhani pua ilipandishwa ili gari litishe. Ilipandishwa kwa sababu ya matairi.

Gari linapoondoka kwa nguvu, sehemu ya uzito wake huhamia nyuma. Kiasi kinachohama hutegemea uzito wa gari, ukali wa kuondoka, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Chukua Chevrolet ya 1955, yenye mita 2.92 kati ya ekseli. Tuseme ina kilo 1,400 na inaondoka kwa mchapuko ulio sawa na asilimia 60 ya mvutano wa dunia. Kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 55 juu ya ardhi, kilo 158 hivi zitahamia kwenye magurudumu ya nyuma. Kipandishe hadi sentimita 65 na zitakuwa 187. Kwa kuwa kuinua upande mmoja wa gari hupandisha kitovu kwa karibu nusu ya kimo hicho, sentimita 10 hizo zinadai pua ipande kama sentimita 20.

Ongezeko ni kilo 29. Kwa tairi la leo ni kitu kidogo. Kwa tairi la mwaka 1960, jembamba, gumu, lenye kuta zisizokunjika, zilikuwa tofauti kati ya gari linaloondoka na gari linalozungusha magurudumu na kutoa moshi palepale. Fundi hakuwa na tairi bora la kununua. Akainua kitovu cha uzito, akarudisha injini nyuma kadiri kanuni ilivyoruhusu, akapunguza uzito mbele kila alipoweza.

Ekseli nzima ya mbele, ile ya chuma kimoja kinachotoka gurudumu hadi gurudumu, ilifuata mantiki hiyohiyo. Ilipunguza uzito wa mfumo wa kiwandani, ilimpa fundi kimo alichotaka, na ilipatikana kwa fedha kidogo kutoka kwenye vigari vya mizigo kama Ford Econoline za miaka ya 1960. Gharama yake ilionekana kwenye kona. Gurudumu moja likiingia shimoni, la pili nalo linainama, na usukani unapiga mikononi. Kwenye njia iliyonyooka ya mita 402 hilo halikumsumbua mtu.

Kanuni ziliweka mipaka. Kitovu cha krankshafti hakikuruhusiwa kuzidi inchi 24, yaani sentimita 61, kutoka ardhini, na injini haikuruhusiwa kurudishwa nyuma zaidi ya asilimia 10 ya umbali kati ya ekseli. Pima magari mengi yanayojengwa leo kwa jina la zama hizo na utakuta yamepita mipaka hiyo. Yamepandishwa kuliko magari yanayoyaiga, kwa sababu aliyeyajenga aliiga picha, na picha zilizodumu ni zile zilizopigwa gari likiwa limenyanyuka wakati wa kuondoka.

Kisha matairi yakabadilika. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, kampuni kama M&H Tire zilikuwa zikitoa matairi ya kipara yenye kuta laini zinazojikunja gari linapoondoka, na mguso wake na ardhi ukawa mkubwa ghafla. Sababu ya kuinua pua ikafa. Zaidi ya hapo, mwendo ulikuwa umeongezeka mno, na gari lililonyanyuka hukusanya hewa chini yake na kupoteza mwelekeo. Magari yakashuka. "Ohio George" Montgomery, aliyejijengea jina kwa Willys ya 1933, alihamia kwenye Mustang mwaka 1967. Watazamaji nao walivutwa na magari mapya ya maonyesho yaliyoitwa funny cars, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaraja ya Gas yakafifia. Zama za pua juu, kwa hesabu ya ukarimu, hazikuzidi miaka kumi hivi.

## Wanaochagua mwaka mmoja

Kambi ya kwanza ina sheria moja: chagua mwaka, na kisiingie kitu kilichotoka baada yake. Southeast Gassers Association, inayoendesha mashindano ya magari haya kusini-mashariki mwa Marekani, imeukaza mwaka 1967 kuwa ukomo. Baadhi ya wajenzi binafsi hukaza zaidi. Aliyechagua 1962 hataki hata rimu za Cragar S/S, kwa sababu zilitoka baadaye kidogo.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaweza kukaguliwa. Kitu ama kilikuwapo ama hakikuwapo, na ubishi huishia kwenye katalogi na magazeti ya wakati huo. Unamlazimisha mjenzi asome. Gari linalotoka humo huwa na umoja ambao jicho huutambua hata pale mtazamaji asipojua sababu, kwani vitu vyote vilibanwa na mipaka ileile ya fedha, kanuni na teknolojia.

Udhaifu wake wa kwanza ni fedha. Kile kilichokuwa chuma chakavu sasa ni kitu cha mnada. Bodi ya chuma ya Willys ya 1941 imekuwa adimu kiasi kwamba wengi hununua ya faibaglasi, na hapo sheria ya vyuma vya kale tayari imevunjika kabla ya kazi kuanza. Kifaa kilichochaguliwa zamani kwa kuwa cha bei ya chini kinanunuliwa leo kwa bei ya kukomoa, na mtu anajikuta akilipa kitajiri ili aonekane maskini wa 1961.

Wa pili ni uzee. Rimu za magnesi za Halibrand zinapendeza, lakini magnesi huliwa na kutu yake ya pekee na hupasuka bila kuonya. Flaiwili ya chuma cha kumimina ilikuwa ikilipuka kwa mizunguko mikubwa hata ilipokuwa mpya. Vipande vyake vilipita sakafuni vikawakata watu miguu, na ndiyo sababu mchezo ulilazimisha kifuniko cha chuma kigumu kuizunguka klachi. Kuendesha vyuma vyenye umri wa miaka 60 kwa nguvu zilezile ni kujitia katika hatari ambayo hata dereva wa wakati ule hakuwa nayo.

Na kuna petroli. Injini za wakati huo zilitegemea risasi iliyochanganywa katika mafuta, iliyozuia mlipuko wa mapema na kulinda viti vya valvu. Marekani iliifuta petroli hiyo barabarani mwaka 1996, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaachana nayo ilipoingia 2006. Aliye mwaminifu kwa kila chuma hawezi kuwa mwaminifu kwa mafuta. Lazima aweke viti vigumu vya valvu, na mara nyingi apunguze mgandamizo. Kambi hii haipendi kulisema hilo kwa sauti.

## Wanaotaka sura

Kambi ya pili, iliyo kubwa kuliko zote, hutaka gari lionekane la zamani na liende kama la leo. Nje kila kitu ni 1964. Ndani kuna breki za diski, mfumo wa kielektroniki wa mafuta uliofichwa katika umbo la kabureta, gia za mwendo 5, na feni ya umeme.

Hoja yao kuu ni matumizi, nayo si ndogo. Wanasema gari lisiloendeshwa ni sanamu, na kwamba mengi ya magari yaliyokamilika kwa sheria kali hubebwa kwenye trela kutoka onyesho moja hadi jingine. Barabara za leo zina magari yanayosimama kwa umbali mfupi. Anayekuja nyuma yao na breki za dramu zilizopata joto anahatarisha wengine pia, na hao hawakuchagua kuishi mwaka 1964.

Tatizo la kambi hii ni kwamba haina breki yake yenyewe. Ukikubali diski kwa sababu ya usalama, utakubali gia ya tano kwa sababu ya starehe, kisha injini ya LS kwa sababu spea zake ziko kila mahali, kisha radiali kwa sababu zinashika. Kila hatua ina sababu nzuri. Mwisho wake ni gari lile la kibao tuliloanza nalo. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba vitu vipya huua maana ya vile vya zamani vilivyoachwa kwa ajili ya sura. Radiali ya kisasa inayonata inaifanya pua iliyopandishwa iwe mzigo: gari linalipa gharama zote za kimo hicho, kwenye kona, kwenye upepo, na kwenye taa zinazowapofusha wanaokuja mbele, bila kupata faida hata moja. Kabureta sita zilizopangwa juu ya injini inayolishwa na kompyuta ni vifuniko vitupu.

## Wanaodai roho

Kambi ya tatu inacheka zote mbili. Wale vijana, inasema, hawakuwa wakitunza historia. Walichukua injini yenye nguvu iliyopatikana kwa bei ndogo, wakaitia kwenye bodi nyepesi iliyopuuzwa, na kitu bora kikitoka kesho yake walitupa cha jana. Ohio George hakung'ang'ania Willys yake. Kwa hiyo anayemfuata leo kwa kweli ni yule anayechomoa LS kwenye pikapu iliyochinjwa, anaifungia tabo, na kuitia kwenye gari dogo ambalo hakuna mwingine analitaka. Kuganda kwenye 1964 ni kufanya kile ambacho hakuna mtu wa 1964 angekifanya.

Hii ndiyo hoja yenye akili kuliko zote tatu, na katika maelezo ya historia iko sahihi. Kosa lake ni kwamba inathibitisha kupita kiasi. Ikiwa roho ndiyo kila kitu, basi hakuna haja ya Chevrolet ya 1955 wala ekseli nzima wala jina ubavuni. Gari dogo la Kijapani lenye tabo lingetosha, na kwa kweli vijana wa miji mingi ya dunia tayari wanalijenga, nao ndio warithi halali. Lakini wasemaji wa kambi hii hawalitaki gari hilo. Wanataka pua juu na LS pamoja. Hapo wanakuwa wamerudi kambi ya pili kwa mlango wa nyuma.

Kando ya hizi kuna sauti ya nne, ya wachache lakini ya haki: kwamba bodi nzima, ambayo haijawahi kukatwa, isikatwe kabisa. Hati ya Turin ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, iliyopitishwa mwaka 2012 kwa kufuata mfano wa Hati ya Venice ya 1964 kuhusu majengo, huyatazama magari kuwa urithi wa kulindwa. Hoja hiyo ina nguvu kwa Willys na ina nguvu kidogo kwa Chevrolet ya milango minne iliyooza sakafu. Pia inakata pande mbili: gari lililokatwa mwaka 1963 na kushindana kweli ni historia, na kulirudisha kiwandani ni uharibifu uleule.

## Kipimo cha sababu

Ukiyapima haya yote, kipimo cha tarehe peke yake hakitoshi, na kipimo cha sura hakipo kabisa. Naona kipo kilicho bora, na ni cha kisababu. Kabla ya kufunga kitu kipya, mjenzi ajiulize: je, kitu hiki kinaondoa sababu iliyofanya vitu vingine viwe hapa? Kikiondoa, gari limevunjika kimantiki hata kama hakionekani. Kisipoondoa, gari halijapungukiwa hata kama kinaonekana.

Kwa kipimo hicho, radiali inayonata haifai, kwa maana inafuta pua, ekseli, na injini iliyorudishwa nyuma kwa mpigo mmoja. Mfumo wa kielektroniki wa mafuta haufai, kwa kuwa unazigeuza kabureta kuwa vifuniko vitupu. LS haifai, kwa kuwa inaleta nguvu ambazo fundi wa zamani alizipata kwa supachaja, kwa kamshafti kali na kwa jasho, na hivyo vyote vinabaki havina kazi. Viti vigumu vya valvu vinafaa. Kifuniko kipya cha klachi na flaiwili mpya vinafaa. Rimu mpya za alumini zilizomiminwa kwa umbo la zile za magnesi zinafaa. Mikanda ya usalama inafaa, na fremu ya bomba la kumkinga dereva ilikuwamo tangu zamani.

Vichwa vya silinda vya alumini vilivyopakwa rangi ya chuma, ambavyo wajenzi wengi huvitumia ili mgandamizo mkubwa uvumilie petroli ya leo, viko katikati. Ningevikubali kwa shingo upande: vinarudisha kile ambacho petroli iliondoa, lakini huja na tundu bora za hewa na kuleta nguvu za bure. Mwenye msimamo atatafuta vyenye tundu ndogo.

Kuhusu breki, ubishi mwingi unatokana na kutosoma. Watu hugombana kana kwamba zama zile hazikuwa na chochote kati ya dramu nne na kifo. Masta silinda yenye njia mbili, ile inayoacha magurudumu mawili yakishika hata bomba moja likipasuka, ilikuwa kwenye Cadillac na Rambler za 1962, na ilienea kwenye magari ya Marekani ya toleo la 1967. Studebaker Avanti ya 1963 ilikuwa na diski mbele. Corvette ya 1965 ilikuwa nazo kwenye magurudumu yote manne. Dinamo za kisasa za mkondo geu zilikuja na Valiant ya Chrysler mwaka 1960, na uwashaji wa transista ulipatikana kwenye Pontiac ya 1963. Aliyechagua 1965 anaweza kuwa na gari linalosimama vizuri, linalochaji vizuri na kuwaka vizuri, bila kutoka nje ya mwaka wake. Kambi ya kwanza imewanyima watu haya kwa ukali usio na msingi, na kambi ya pili imeyanunua mapya kwa kudhani hakuna njia nyingine.

Kanuni zilizoandikwa husaidia kuliko ladha. Safari Classic Rally ilipoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya 1953, nayo ilikabili swali hili la magari ya kale kwenye barabara halisi, na ililijibu kwa ukomo wa umri na ukaguzi wa mafundi kabla ya kuanza. Hata anayejenga gari moja uani kwake anaweza kujiandikia kanuni yake: mwaka, daraja, uwiano wa uzito kwa ujazo, na kimo cha krankshafti. Akiliuza, karatasi hiyo iende na gari, ikiwa na orodha ya kila kilichobadilishwa. Tofauti kati ya gari lililoboreshwa na gari la uongo mara nyingi ni karatasi hiyo tu.

Linabaki swali gumu kuliko yote, la uwiano wa difu. Gasa lilihitaji difu fupi, kama 4.56, ili liondoke. Kwa tairi la kipenyo cha inchi 28 na gia ya mwisho ya moja kwa moja, injini inazunguka mara 3,280 hivi kwa dakika ukiwa kilomita 96 kwa saa, na ukifika 110 inakaribia 3,750. Saa mbili za kelele hiyo zinachosha, na petroli inakwenda. Gia ya kisasa ya mwendo 5 inatibu hilo, lakini inafuta mvutano uliokuwa moyo wa gari la mtaani la dragi: ulipaswa kuchagua kati ya kuondoka vizuri na kusafiri vizuri.

Zama zenyewe zilikuwa na jibu. Chevrolet iliuza toleo la 1955 likiwa na ovadraivu ya Borg-Warner nyuma ya gia tatu, yenye uwiano wa 0.70, pamoja na difu ya 4.11. Ukiifunga kwenye difu ya 4.56, ile mizunguko 3,280 inashuka hadi karibu 2,300. Tatizo ni kwamba haikuundwa kubeba injini kali na matairi ya kipara. Anayeitaka itambidi apunguze nguvu na kushuka daraja, pengine abaki na injini ya 283 na kabureta moja. Asiyetaka kupunguza nguvu atachukua gia nne za T-10, avumilie kelele, na safari zake ziwe fupi. Vijana wa 1962 waliliendesha gari hadi uwanjani, wakashindana, wakarudi nalo nyumbani, na wengi wao walikaa karibu.